Paka wa Chuma Kwenye Daraja la Tshopo

Binti yangu alikuwa na miaka kumi na mmoja alipoanza kunipa daftari nipeleke kila niliposafiri kwenda Isangi. Dada yangu mkubwa anaishi huko, na mwanawe hana televisheni nyumbani. Likizo moja mtoto huyo alikuja kwetu Kisangani, akaonja mfululizo wa katuni ambao binti yangu aliufuata kila jioni, kisha akarudi kwao hadithi ikiwa haijafika popote. Binti yangu akaona si haki. Akachukua daftari la shule na kuchora kila kipindi, mraba baada ya mraba, maneno yakitoka vinywani mwa watu ndani ya viputo, akaniambia, "Mama, umupelekee."

Mimi ni mshonaji. Daftari nililiviringisha ndani ya vitenge vya wateja, nikalifikisha, basi. Sikuwahi kulisoma. Alikuwa akinisimulia kando ya cherehani, nami najibu "eeh" huku mguu uko kwenye kanyagio. Nilichojua tu ni kwamba kulikuwa na bibi fundi wa saa, na paka.

Safari moja baleinière yetu, ile mashua ndefu ya mbao yenye mota, iliitwa ukingoni na askari kabla hatujafika nusu ya njia. Wiki zile habari za vita zilikuwa zimesogea karibu, na watu walitazamana mara mbili kabla ya kusalimiana. Tukashushwa wote na mizigo yetu. Askari aliyefungua mfuko wangu alitoa vitenge kimoja kimoja, daftari likaanguka. Akaliokota, akalifungua katikati, akaacha kutafuna. Kisha akamwita mkubwa wake.

Mkubwa alikuwa mtu wa makamo, amekaa chini ya turubai, miwani yake ya kusomea imefungwa kwa uzi upande mmoja. Aliliweka daftari mezani na kuligeuza nione. Nikaona daraja la Tshopo, la kwetu mjini. Lilichorwa vizuri hata nikatambua vyuma vyake. Kando yake mnara wa simu. Kwa mbali ndege inashuka uwanja wa Bangboka. Mishale myekundu ilitoka mahali pamoja kwenda pengine, na ndani ya kiputo kulikuwa na maandishi ya binti yangu: *Saa kumi kamili. Paka inapita chini ya daraja. Bibi akipiga kengele, bote munaingia.*

"Mama, hii ni nini?"

"Ni katuni, shefu. Hadithi ya televisheni. Mutoto yangu anachora."

"Paka ni nani?"

"Ni paka."

"Minauliza jina ya mutu. Nani munaita Paka?"

Niliona jasho langu linadondoka mezani, nikalifuta kwa kiganja haraka, kana kwamba nalo lingeandikwa.

"Bon," akasema. "Unasema ni hadithi. Nielezee hiyo hadithi."

Jioni zote zile kando ya cherehani, na sikuwa nimebakiwa na neno. Nikaanza kubuni. Nikasema paka amepoteza mtoto wake, anamtafuta mjini, bibi anamsaidia. Yeye akageuza ukurasa polepole, akaweka kidole.

"Hapa paka iko chuma. Paka ya chuma inazaa?"

Askari mmoja nyuma yangu alicheka. Mkubwa hakucheka. Alisema, "Donc umenidanganya," na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa. Pale ukingoni mwenye baleinière alianza kupuliza honi; abiria wengine walikuwa wamekwisha kupanda, na kila mmoja alikuwa anatazama mahali pengine nisipokuwa mimi.

Nikamwomba nipige simu nyumbani. Ilikuwa saa nane, shule imekwisha. Mara ya kwanza haikuita. Mara ya pili ikaita, ikakatika. Mara ya tatu binti yangu mwenyewe alipokea simu ya nyanya yake, na kabla sijasema lolote mkubwa akaichukua mkononi mwangu na kufungua sauti tusikie wote.

"Ni weye ulichora hii daftari?"

"We ni nani?"

"Niko mukubwa wa hapa mama yako iko."

Nikasikia pumzi yake.

"Mama iko muzima?"

"Iko. Jibu kwanza. Paka ni nani?"

"Ni paka. Ulifungua page gani?"

"Ya daraja."

"Hapana, tonton. Umeanzia katikati. Anza mwanzo, utaelewa."

Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, yule bwana alikuwa amerudi ukurasa wa kwanza.

Binti yangu akasimulia. Mwanzoni sauti ilitetemeka, kisha ikapata mwendo wake, na mkubwa akawa anageuza kurasa kila alipoambiwa. Kuna watu wa vumbi wanaokula saa za mji. Wakikugusa, hujui tena kama ni asubuhi au jioni. Bibi fundi wa saa ametengeneza paka wa chuma mwenye saa tumboni, na huyo hawawezi kumla.

"Na hii mishale?"

"Ni njia ya vumbi. Vumbi yetu si ni nyekundu?"

"Juu ya nini uliweka daraja letu? Sababu gani?"

"Courant ilikatika siku ile, televisheni ikazimika, sikuona mwisho. Nikaweka muji yetu, juu mingine siijue."

"Na bale ba vumbi banaingia?"

Hata leo sijui kama alikuwa anamtega au alitaka kujua. Binti yangu alianza kujibu, mtandao ukakatika. Bwana akasema "Allô, allô," akasubiri, akairudisha simu mezani. Akavua miwani. Kisha akachana karatasi tatu, zile za daraja na ndege, akazikunja na kuzitia mfukoni.

"Hizi zinabaki. Mutoto anajua kuchora. Umuambie achore kitu ingine."

"Asante, shefu," nikasema. Niliona haya zaidi kwa asante ile kuliko kwa uongo wangu.

Nilipanda wa mwisho, daftari nikaliviringisha upya ndani ya vitenge. Isangi, mtoto wa dada yangu alifika penye pengo akanitazama. Nikamsimulia yale niliyoyasikia kwenye simu, nimesimama, mfuko bado begani. Mwisho wake sikuwa nao.

Niliporudi, binti yangu alinisubiri kwenye beach, bandarini, pamoja na nyanya yake. "Balikupiga?"

"Hapana."

"Ni juu yangu?"

"Hapana," nikamwambia. Lakini jioni ileile nilimkataza: hakuna daraja, hakuna ndege, hakuna mnara. Hakubisha.

Daftari lililofuata nililisoma lote kabla ya kulifunga kwenye vitenge. Mji wake ulikuwa na maghorofa marefu, barabara pana, na haukuwa na mto. Nilimuuliza maswali mengi, naye alinijibu kila moja kwa adabu, kwa maneno mawili matatu.

Juma moja baadaye dada yangu alipiga simu. Mtoto amesoma, akasema, ila anauliza mji ule ni wa wapi. Nikampa binti yangu simu ajibu mwenyewe.

"Ni muji tu," akasema, akanirudishia.