Njia ya Ng'ombe

Hebu mtazame anavyokuja, msomaji wangu: mama mmoja mrefu, panga mkononi, anafuata ukingo wa mto Tana karibu na Garsen, kiangazi cha mwaka wa hamsini na sita. Hagusi jembe kabla ya kuikagua malka, ile njia ambayo ng'ombe wa wafugaji Waorma hupitia katikati ya mashamba kwenda kunywa mtoni. Kila asubuhi huokota miiba iliyoangukia humo na kuitupa kando, huku akiimba kwa pua. Zamani malka zilikuwa nyingi. Mwaka huu majirani wameziziba wakapanda mahindi, imebaki yake tu, na mifugo yote inabanana hapo, ikimkanyagia mstari mmoja wa mahindi leo, miwili kesho.

"Ziba na wewe, mama!" jirani yake Buya alimwita kutoka nyuma ya ua wake wa miiba. "Au umeolewa na Waorma?"

"Wangenioa si ningekuwa nakunywa maziwa!" akajibu, akacheka. "Nikiziba, wenye kiu watapita wapi, Buya? Si juu ya huo ua wako?"

Mama akatazama vumbi la ng'ombe likikaribia, akatazama mahindi yake yaliyoanza kutoa ndevu, chakula cha wanawe mpaka mvua. Alijua malka moja haiwatoshi ng'ombe wote hao. Akainama, akafyeka mstari mwingine kwa mkono wake mwenyewe, njia ipanuke kidogo. Nawe, msomaji wangu, ungekuwa umesimama alipo Buya, ungefanyaje?