Agripina Alipochomoa Waya

Mimi ni karani wa masjala katika ofisi ya shirika la mbegu za maharage hapa Nyamiaga, wilayani Ngara, na nakiri mapema kwamba mtu wa kwanza kumcheka Agripina nilikuwa mimi. Nina mdomo, ndivyo nilivyoumbwa. Nilipomkuta mhudumu wetu amepiga magoti chini ya meza ya meneja, bisibisi mkononi, nilimuuliza kama siku hizi chai inachemshiwa huko. Agripina ana miaka hamsini na mmoja, na mtu akimletea maneno yeye huendelea na kazi mpaka maneno yenyewe yachoke.

Kilichompeleka chini ya meza ni hiki. Mkurugenzi wetu, aliyeko Bukoba, alikuwa ametangaza kwamba ofisi za Ngara na Biharamulo huenda zikaunganishwa, na kwa kuwa taarifa zetu zilichelewa kila wiki kwa sababu ya intaneti, yetu ndiyo ingefungwa. Mimi na meneja, Laurian, tungehamia Biharamulo. Wahudumu hawahamishwi. Miaka ishirini na miwili ya Agripina ingeishia kwenye barua ya shukrani. Kikao cha kuamua kilipangwa kufanyika kwa video, Ijumaa saa nne asubuhi.

Tulikuwa na ruta mbili. Moja ilipata intaneti kutoka kwenye kisahani cha juu ya paa, nyingine ilitumia laini ya simu. Kila moja ilikuwa na siku zake za kususa, na ya kwanza ikisusa tulihangaika kuhamisha kompyuta moja moja kwenye ya pili. Tukimaliza, ya kwanza imerudi na ya pili nayo imezira. Agripina, anayezunguka meza zote na birika lake, ndiye aliyeona jambo ambalo sisi wenye viti hatukuliona: hazikuwahi kufa zote mbili kwa pamoja. Basi kwa nini zisiunganishwe?

Jumamosi zake huzimalizia kwenye kibanda cha kaka yake Habimana, fundi simu wa Ngara mjini. Mimi nilidhani huenda kupiga soga. Kumbe miaka yote hiyo alikuwa anaangalia mikono ya kaka yake.

Jaribio la kwanza, Jumanne, lilikuwa aibu. Alichomeka ruta zote mbili kwenye mtandao mmoja wa ofisi, na ofisi nzima ikakosa intaneti. Kila ruta ilijiona mwenye nyumba, kila moja ikagawa namba zake, kompyuta zikawa hazijui zimsikilize nani. Nilicheka mpaka machozi. Laurian, ambaye kwa kuogopa lawama hana mpinzani wilaya hii, alimwomba aache kabla hajatuharibia kabisa. Nami nikaongeza neno ambalo sitaliandika hapa, maana nalionea haya hadi leo.

Jumatano alikuja na ruta ya tatu, iliyokwishatumika, yenye matundu mawili ya kupokelea intaneti. Zile mbili sasa zilileta tu, hii ndiyo iliyogawa. Ile ya laini aliihamishia dirisha la mashariki, kwa sababu kwenye la magharibi ilipenda kushika mnara wa Burundi. Kisha akaiagiza ruta mpya ipige hodi nje kwa njia ya kisahani kila baada ya sekunde chache, na isipoitikiwa ihamie kwenye laini. Alinieleza kwamba kuangalia taa hakutoshi, kwani taa inaweza kuwaka na huko nje hakuna mtu. Nilielewa, nikanyamaza, jambo ambalo kwangu si la kawaida.

Ijumaa saa nne mkurugenzi alitokea kwenye skrini, na kwenye kijisanduku cha kando yake Kazimili, meneja wa Biharamulo, mtu mcheshi na mwenye majivuno ya kutosha watu wawili. Mkurugenzi alisifu picha yetu, ila akasema leo tunaonekana, kesho hajui. Kazimili akadakia kwamba sisi wa Ngara huonekana kama mwezi, kwa msimu. Laurian akaanza kujikuna shingo.

Agripina alikuwa amesimama mlangoni. Akapita nyuma yetu, akaushika waya wa kisahani, akauchomoa.

Picha iliganda. Nilihesabu hadi tisa, kisha mkurugenzi akaanza kusogea tena, akiuliza kulikoni.

"Nimekata njia moja, mkurugenzi," alisema Agripina, waya ukining'inia mkononi. "Sasa tunaongea kwa ile nyingine."

Mkurugenzi akacheka. Kazimili hakufurahi. Alisema hata wao wanaweza, akainuka, tukabaki tunatazama mkanda wake wa suruali, na baada ya hapo Biharamulo ikatoweka. Wao walikuwa na njia moja tu. Dakika tano baadaye alimpigia Laurian simu kuuliza waya unarudishwa tundu gani.

Mkurugenzi aliuliza kazi hii imefanywa na nani. Nilimwangalia Laurian kwa wasiwasi, maana namjua, lakini safari hii alisema kweli na akamtaja kwa jina. Ofisi ya Nyamiaga haifungwi, mkurugenzi akasema, na mama huyu aende Biharamulo wiki ijayo akamsaidie Kazimili, kisha arudi kituoni kwake.

Skrini ilipozimwa, Agripina alikaa kwenye kiti changu na kulia bila kujificha. Nilimwomba radhi, kwa mara ya kwanza tangu nianze kazi ofisini. Akafuta uso kwa kanga.

"Vikombe vya wageni nilishavifunga kwenye magazeti tangu Jumatatu," alisema. "Sikutaka mtu mwingine aje kuvivunja."

Tulikwenda stoo, mimi na Laurian, tukavifungua kimoja kimoja. Vilikuwa thelathini na sita, na kila kimoja alikuwa amekiosha kwanza.