Ndoo Mlangoni kwa Mzee wa Mashine

Wiki iliyopita nilipigiwa simu kutoka Kilosa: mzee wa mashine ya kusaga pale Mabwerebwere ametutoka. Nililia, msomaji wangu, na sababu yake sina budi kuiungama hapa, maana kosa nililifanyia katika safu hii hii. Miaka kadhaa nyuma, nikielekea Mikumi, nilipita kwake nikakuta ndoo za mahindi zimepangwa mstari hadi barabarani. Kina mama wa Masanze walikuwa wakiziacha zishike nafasi, wenyewe wakaenda sokoni, na mzee hakukubali ndoo ya mtu irukwe hata na ndugu yake. Nikaandika safu nzima kuisifu foleni ile. Vijana, nikasema, mali ndiyo hii, nunueni mashine.

Wakanunua. Haukupita muda mtaa ule ukawa na mashine saba pamoja na yake mzee, kila moja ikiweza kusaga mahindi ya kata nzima, na mahindi ni yale yale. Kuna aliyebomoa ukuta wa sebule ili injini iingie. Niliporudi kumjulia mzee hali nilimkuta peke yake kwenye benchi, mashine kaizima, sakafu kaifagia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu, siku hizi hapa huchafuki vumbi."

Nikamwomba radhi. Akacheka kidogo. "Habari za mashine uliziandika vizuri. Za mahindi ndizo ulizozisahau." Kisha akatazama barabarani. "Mimi natamani nizione tena ndoo mlangoni, hata siku moja tu."

Kunilaumu hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniumiza. Sisi tuna ugonjwa huu: tukiona foleni kwa mwenzetu, tunadhani imekuja pamoja na mashine. Tunaongeza visagio, hatuulizi nani ataleta cha kusaga.

Siku ya maziko wenye mashine wote sita walizima zao, wakaja kubeba jeneza. Kina mama waliotoka Masanze na mahindi yao hawakupata pa kusaga, wakatua ndoo msibani, wakaketi kulia na wafiwa. Tuliporudi kutoka makaburini tulizikuta mlangoni kwake, mstari mmoja hadi barabarani. Mjane alizitazama akasema, "Laiti angalizisubiri."

Sitamshauri tena mtu anunue mashine kabla sijauliza mahindi yako wapi. Somo hilo mzee alinipa bure, baada ya mimi kumwondolea foleni yake.