Binti wa tatu wa mama mukubwa

Mwaka nilioingia wa tatu secondaire, shule yetu ya Bungulu ilikuwa na askari wengi kuliko walimu. Askari walikuwa wamechukua madarasa mawili ya mwisho. Hawakutusumbua sana. Asubuhi walitusalimia kwa Lingala, halafu walipasua dawati moja, wakachemsha chai. Ilipofika Noeli, darasa letu lilibaki na madawati manne. Mwalimu wa hesabu aliyatazama hayo manne, akaenda Mabalako kufanya biashara ya kahawa. Alituacha ukurasa wa thelathini na moja. Mwalimu wa Kifaransa alijitolea kuendelea na hesabu, lakini kila ukurasa aliouogopa aliuruka, na alikuwa mwoga.

Baba yangu ni fundi wa mbao. Vita alikuwa amevizoea, ila madawati yale alikuwa ameyapiga randa yeye mwenyewe. Siku aliyoona mguu wa dawati chini ya sufuria ya bugali, alirudi nyumbani na kusema nitaenda kusoma Butembo.

Kule Butembo, dada mkubwa wa mama yangu alikaa nyuma ya shule moja ya mapadri ambayo walimu wake walikuja kila siku. Watu walisema hivyo kwa sauti ya chini, kama habari ya muujiza. Lakini shule ilijaa watoto wa wakimbizi kutoka vijijini, na kamati ya wazazi ikakata shauri: hakuna kupokea mtoto ambaye wazazi wake hawakai katika quartier ile, mtaa wa shule. Bungulu haiko katika quartier ile. Iko Beni, na kati ya Beni na Butembo kuna nusu siku ya camion, lori la mizigo, na barrières nyingi za askari.

"Atakuwa mutoto wa dada yako," Baba alimwambia Mama, kama mtu anayeamua kabati litasimama wapi.

"Ni mutoto wa dada yangu siku zote," Mama akajibu. "Kwetu ile haiko uongo. Ni kuandika tu ndiyo ilikuwa haijaandikwa."

Mimi hawakuniuliza. Wangeniuliza ningetazama chini, kwa hiyo hawakukosa kitu. Lakini nilitaka. Nilitaka kufika mwisho wa kile kitabu cha hesabu, na hapa naandika wazi kwamba nilitaka hivyo kuliko nilivyotaka kubaki na mama yangu. Niliona haya kujua hivyo.

Tulipanda camion juu ya magunia, mimi na Baba. Kwa mama mukubwa mambo yalipangwa siku mbili. Chef wa quartier alinitazama kidogo, akaandika kwamba nimezaliwa avenue yao. Sisi ni Waprotestanti, basi binamu zangu walinifundisha ishara ya msalaba uani, mara ishirini, kuku wakitazama. Baba alikubali kuwa baba mudogo wangu. Jioni waliniuliza maswali.

"Mama yako ni nani?"

Nilimwonyesha mama mukubwa.

"Sema. Kidole haina mudomo."

"Ni huyu."

"Bon," Baba alisema. "Na zaidi ya pale usiongeze. Mutoto wa haya ni muzuri kwa kazi hii."

Asubuhi tulienda bureau ya shule. Secrétaire alikuwa mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba. Alisoma karatasi ya chef wa quartier bila haraka, akafika kwenye jina langu, akasimama hapo.

Lazima nieleze. Kwetu mtoto hachaguliwi jina. Binti wa kwanza ana jina lake, wa pili lake, wa tatu lake, na wavulana vilevile. Mtu akikuita barabarani, mpita njia anajua umezaliwa wa ngapi. Hata mtoto akifa, anaondoka na nafasi yake, na anayefuata anapata jina linalofuata. Mimi ni binti wa tatu wa mama yangu. Mama mukubwa ana binti mmoja, na nyuma yake wavulana watupu. Baba alikuwa amebadilisha avenue yangu, mama yangu na dini yangu, lakini jina langu hakuligusa. Hakusahau, ila hakuna mtu wa kwetu ambaye ingemwingia kichwani kwamba jina linaguswa.

"Mama," secrétaire alisema, "huyu ni binti ya tatu."

"Ndiyo."

"Ule ya kwanza namujua. Eko hapa, mwaka ya tano, kichwa ngumu. Ya pili eko wapi?"

Baba alianza kukohoa. Mimi nilitazama chini, mahali pangu pa kawaida. Nilihesabu kwamba camion ya kurudi Beni iko kesho asubuhi.

"Alikufa," mama mukubwa akasema. "Alikuwa na miezi saba."

Secrétaire alivua miwani. "Pole, mama."

"Asante."

Aliandika, akapiga muhuri, akaniambia nije Jumatatu na kiti kama ninacho.

Tulipofika mteremkoni, mbali na madirisha, Baba alipumua. "Dada, kichwa yako inatembea mbio. Mimi nilikuwa nimekwisha. Ile ya miezi saba, umeitoa wapi?"

Mama mukubwa alifunga kitenge chake upya. "Ilikuwa surua. Tulikuwa tunakaa bado Musienene." Alitembea kidogo. "Na sanduku yake ulitengeneza wewe, shemeji."

Tulishuka mpaka sokoni, chini ya kilima. Pale sokoni mama mukubwa alinunua maharagi, na Baba akabeba kile kikapu kichwani mpaka nyumbani, katikati ya watu. Mwanaume kubeba kikapu hivyo, watu waligeuka kutazama. Hakuna aliyemwambia akishushe.

Kiti alinitengenezea jioni ile, akaondoka asubuhi.

Nilisoma. Ukurasa wa thelathini na moja tuliupita wiki ya pili, na mwalimu hakuruka hata mmoja. Lakini karibu na Pasaka wenyeji wa quartier walilalamika kwamba watoto wao wanakaa wanne kwa dawati kwa sababu ya "batu ya camion", sisi tuliotoka nje. Basi préfet, mkuu wa shule, akaanza kusimama mlangoni kila Jumamosi, siku ambayo wazazi walileta vitu, pamoja na secrétaire na daftari. Mvulana mmoja wa darasa letu alifukuzwa hivyo. Baba yake alitoka Lubero na mfuko wa viazi, akasema yeye ni baba. Katika daftari baba yake alikuwa mchinja nyama wa quartier.

"Mababa wawili ni wengi," préfet alisema, na mvulana akarudi Lubero na viazi vyake.

Jumamosi iliyofuata Mama alikuja. Hapakuwa na njia ya kumwonya. Nilimwona akipanda kilima na bidon ya mafuta ya mawese, amevaa kitenge cha kanisa. Miezi mitatu sikuwa nimemwona. Préfet alikuwa ameshamsimamisha, na secrétaire ananiita kwa kidole.

"Huyu mama anakuulizia," préfet alisema. "Ni nani yako?"

Mama alifungua mdomo. Nilimtangulia. Sijawahi kumkata mtu mzima neno, wala kabla ya siku ile wala baadaye.

"Mama mudogo. Wa Beni."

Mama alifunga mdomo. Alinipa mkono, mkono tu, kama unavyompa mtoto wa mwenzako.

"Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Unamusaidia kazi?"

"Ndiyo, mama mudogo."

Secrétaire alitazama daftari, akafunga. Préfet akasema, "Huyu mutoto wenu hasemi. Mais hesabu anaweza."

"Nitamwambia mama yake," Mama alisema. "Atafurahi."

Alinikabidhi bidon. Alitazama miguu yangu. "Sketi imekuwa fupi. Mama yako hana macho?"

"Anayo."

"Mwambie ashushe pindo. Basi, rudi darasani."

Nilirudi. Saa saba nilishuka mbio mpaka nyumbani, lakini mama mukubwa alikuwa jikoni peke yake. Camion ya mchana ndiyo pekee iliyokuwa na hakika ya kupita kwenye barrières, na Mama alikuwa ameshaipanda.

"Amesema sketi," mama mukubwa aliniambia.

"Aliniambia."

"Vua basi." Alitafuta sindano, akashusha pindo vidole viwili, akapima, akaongeza cha tatu.