Sanamu wa Meza ya Tatu

Kaka yangu alikuwa na kioo kidogo jikoni, kimetundikwa kando ya swichi ya taa, na wageni walidhani ni cha kunyolea ndevu. Kilikuwa cha kazi. Kila siku baada ya chakula cha mchana alisimama mbele yake dakika kumi akijinong'oneza habari nzuri na mbaya, kwamba ameshinda gari, kwamba nyumba inaungua, huku akiangalia kama uso wake utatikisika. Ukitikisika, alianza upya. Kisha alivaa shati la kijivu, akachukua chupa yake ya maji, akaenda kucheza poka.

Watu wakimuuliza kazi yake alijibu, "Biashara." Nami nikiulizwa nilisema hivyohivyo, na tukaishi na jibu hilo miaka kumi na minane. Kabla ya hapo alikuwa karani wa bima. Kampuni ilipofungwa, wenzake walihangaika kutafuta ofisi nyingine. Yeye aligundua kwamba miaka yote ile ya kuwasikiliza watu wakieleza jinsi magari yao yalivyogongwa ilikuwa imemfundisha kumtambua mwongo.

Kasino ilikuwa juu ya duka la taa, ukumbi usio na dirisha wala saa. Alicheza mchana, kwa sababu wachezaji wa usiku walikuwa wamelewa, na mlevi, alisema, hasomeki. Alikaa meza ya tatu. Hakucheka, hakukuna pua, hakugusa sikio. Wakamwita Sanamu.

Katika poka, kila mchezaji ana karata mbili ambazo mwingine hazioni. Kwa zamu, mmoja mmoja, wanaongeza dau au wanatupa karata zao. Anayefikiwa na zamu mwisho ndiye mwenye nafasi nzuri, maana wenzake wote wameshajionyesha. Kaka aliipenda nafasi hiyo kuliko karata yoyote. Mwishowe akawa anaishi humo. Ukimuuliza kama amechoka, alikuuliza kwanza kama wewe umechoka.

Alikuwa na daftari lenye ukurasa kwa kila mtu. *Daktari wa meno: akipata karata nzuri hukaa wima. Mama wa vitambaa: akidanganya hupumua kwa pua.* Siku moja mkewe alilifungua akitafuta kalamu, akakuta ukurasa wake. *Mke: akikasirika hukunja taulo mara mbili.*

"Wifi," aliniambia siku aliyokuja kuniaga, "nilidhani nimeolewa. Kumbe nilikuwa nimekaa mezani."

Alihamia mji mwingine na binti yao wa miaka tisa. Mtoto alikuja kila likizo, na kwa kuwa kaka hakujua mchezo mwingine, alimfundisha huo, kwa njiti za kiberiti, kwenye meza ya jikoni. Niliwakuta mara nyingi wameketi wakitazamana kama watu wawili kwenye foleni ya benki.

"Sema wewe kwanza, baba."

"Nikisema kwanza umenila."

Mtoto alicheka, kisha akaukaza uso. Alijifunza vizuri mno.

Mwaka jana alimaliza masomo ya uuguzi. Jumapili moja mchana alikuja na barua mbili. Moja ilitoka hospitali iliyo dakika kumi kwa miguu kutoka kwa baba yake. Nyingine ilitoka mbali sana, nchi ya kwenda kwa ndege, mkataba wa miaka mitano. Majibu yalitakiwa Ijumaa. Mimi nilikuwa kwenye sinki nikiosha vyombo, nimewapa mgongo.

"Baba, unaonaje?"

"Wewe unaonaje?"

"Nimekuuliza wewe kwanza."

Nilifunga bomba ili nisikie. Nilipogeuka, kaka alikuwa anaitazama mikono ya binti yake. Binti alikuwa amezishika zile barua mbili, anazigongagonga mezani kingo zilingane, kama mtu anayepanga karata.

"Nenda huko mbali," kaka alisema. "Ni nafasi nzuri."

Uso wake haukuwa na kitu. Binti alisema, "Haya," akazikunja barua.

Nilimsindikiza mpaka stendi ya basi. Hakulia mpaka tulipofika penye mwanga mkali wa jua, pale ambapo kila mtu hukunja uso na hakuna anayekuuliza.

"Hata kope, shangazi. Angepepesa hata kope moja tu, ningebaki. Usimwambie."

Nikarudi kwa kaka kuchukua mkoba wangu. Alikuwa bado amekaa palepale.

"Ulimwona alivyopanga zile barua?" aliniuliza. "Akipata karata nzuri hupanga hivyo. Alikuwa ameshaamua. Mimi nimempunguzia tu kazi ya kuniambia."

Nilimjua mtoto huyo tangu ana siku mbili. Alipanga hivyohivyo madaftari yake kila likizo ilipokwisha, akiogopa kutuaga. Ningelisema hapohapo. Lakini binti alikuwa ameniomba nisiseme, na mimi nimezaliwa nyumba moja na kaka yangu. Nilijipa siku tatu za kufikiri.

Jumatano saa tisa nilipanda ngazi za kasino kwa mara ya kwanza. Mlinzi alipekua mkoba wangu, akakuta madaftari ya wanafunzi wangu, akamhurumia mwalimu na kuniruhusu. Daktari wa meno ndiye aliyeniona kwanza.

"Unamtafuta nani, mama?"

"Kaka yangu. Yule."

"Sanamu ana dada! Jamani, kumbe alizaliwa. Sisi tulijua alichongwa."

"Mwache mwenzio, daktari," alisema mama wa vitambaa. "Dada, njoo ukae karibu yake, labda leo atacheka tumjue meno."

"Meno niachieni mimi."

Kaka alikuwa ameshika karata zake mbili. Niliinama nikamwambia sikioni: binti hakuwa ameamua, alikuwa anaogopa, alingoja useme.

Uso haukusogea. Ila vidole viliziachia karata, na moja ikageuka mbele ya wote. Ree ya kopa, karata ya juu kabisa.

"Sanamu!" daktari alipiga kelele. "Umetuonyesha karata!"

Kaka alikuwa ameshasimama. Alipiga simu kwenye ngazi, mimi nikiwa ngazi moja juu yake.

"Baba? Kuna nini?"

"Nataka ubaki," alisema, bila hata salamu. "Nilitaka tangu Jumapili."

Nilisikia kitoto kikilia wodini binti alikokuwa akijitolea, kisha mlango ukifungwa. Kaka aliishikilia simu kwa mikono yote miwili.

"Baba, nimetia sahihi jana."

"Si walisema Ijumaa?"

"Nilingoja simu yako mpaka jana saa kumi. Nikaona nisikusumbue."

Binti aliondoka baada ya wiki sita. Kwenye uwanja wa ndege kaka aliongea tangu tuliposhuka kwenye gari: habari ya soksi za baridi, habari ya kufunga begi, habari ya jirani aliyenunua jenereta. Binti alimsikiliza akimtazama usoni, kama anatafuta kitu alichokidondosha hapo zamani.

Sasa ni miezi tisa. Kaka bado anakwenda meza ya tatu, ingawa daktari wa meno ananiambia kazi imekuwa ngumu kwake. "Siku hizi anaonekana, dada yangu. Mpaka mimi namla." Kioo bado kipo, ila nimekikuta kina vumbi.

Jumamosi asubuhi nikipita kwake namkuta jikoni na simu imeegemezwa kwenye kopo la sukari. Huko aliko binti ni usiku, ametoka zamu, mara nyingine amelala na simu iko wazi kando ya mto. Kaka hakati simu. Anamweleza kwamba bomba la sinki linavuja, kwamba fundi alisema atakuja Alhamisi na hakuja, kwamba leo amekula peke yake, na chakula kimebaki.