Sinema Imefungwa, Sauti ya Firmin Haijafungwa

Saa tisa kasoro dakika tano, alasiri ya Jumapili, Firmin Lushombo ameketi kwenye ukingo wa kitanda katika chumba anachopanga Yeoville, Johannesburg. Ametundika blanketi mbili ukutani ili sauti isirudi. Mbele yake, juu ya meza ya kupigia pasi, kuna simu mbili. Moja ina filamu. Nyingine ina watu.

"Mko tayari?" anauliza.

Watu wanajibu wote kwa pamoja, wengine kwa "ndiyo", wengine kwa "sharp". Mtoto wa mtu analia. Mahali fulani sufuria inaanguka.

"Haya. Moja, mbili, tatu, bonyeza!"

Anangoja kidogo, kisha anauliza: "Mnaona nini?"

"Mlango mwekundu!"

"Mlango mwekundu, mzee."

"Mimi bado naona maandishi," analalamika Mussa, Mrundi mwenye spaza, duka dogo la mtaani, huko Diepsloot. "Nilikuwa na mteja wa mkate."

"Mussa, leo unauza mkate au unaona sinema?"

"Vyote, mzee. Hawa watoto hawali sinema."

Watu wanacheka. Firmin anamwambia asogeze mbele polepole na aseme akifika. Nyumba kumi na tisa, kuanzia Observatory mpaka Diepsloot, zinamngoja muuza mkate aufikie mlango mwekundu.

"Nimefika!" anapaza sauti Mussa, na Firmin anaanza kazi.

Firmin ana umri wa miaka hamsini na miwili. Kazi yake ni kuifasiri filamu kwa mdomo huku ikiendelea. Anasema maneno ya baba, ya mtoto, ya polisi na ya mwizi, na pakihitajika anaeleza kwa nini mwizi ameiba. Aliianza akiwa na miaka kumi na saba katika kibanda cha video mjini Bukavu, mashariki ya Kongo, ambako watu walilipa ili kumsikia mfasiri kama walivyolipa ili kuiona filamu.

"Kule mfasiri mbaya alirushiwa maganda ya ndizi," anasema. "Mimi nilirushiwa mara mbili tu."

Alifika Johannesburg mwaka 2003. Alilinda magari Newtown, akabeba mizigo sokoni, kisha akaajiriwa kuwa mlinzi wa mlango wa Sinema Meridian, ukumbi mdogo wa mtaa wa Observatory wenye viti sitini na vinne. Jengo lilikuwa kiwanda cha mikate. Mwenye ukumbi, Bi Nusaiba, huonyesha filamu mpya ambazo kumbi kubwa za madukani hazizigusi: za Senegal, za Moroko, za Ethiopia, za vijana wa hapahapa Afrika Kusini.

Siku moja, miaka tisa iliyopita, Bi Nusaiba alimkuta mlinzi wake amesimama nyuma ya ukumbi akimnong'oneza filamu nzima mama mmoja wa Kirundi asiyejua kusoma maandishi ya Kiingereza yaliyo chini ya picha. Watu wa viti vya jirani walikuwa wameacha kuitazama filamu, wakimtazama yeye.

"Nilidhani nitamkaripia," anakumbuka Bi Nusaiba, ambaye huzungumza Kiingereza. "Lakini yule mama alikuwa anacheka na machozi yanamtoka. Nikamwambia Firmin, Jumapili ijayo usinong'one. Sema kwa sauti."

Mama huyo ni Pascasie, mjane wa miaka sabini na mmoja. Tangu siku hiyo alikuja kila Jumapili, na wengine wakamfuata: Wakongo, Warundi, Watanzania, mafundi cherehani, walinzi, wasusi. Kwa saa mbili kwa wiki, Kiswahili kilikuwa na nyumba yake mlimani Observatory.

Kisha ikaja korona. Mwishoni mwa Machi 2020 kumbi zote za sinema nchini zilifungwa. Mpaka leo, mwezi Juni, mlango wa Meridian una kufuli.

Bi Nusaiba hakukaa akilia. Mwezi Aprili alianza kuonyesha filamu mpya mtandaoni. Mtazamaji ananunua tiketi, anatumiwa kiungo kwenye simu, na filamu inakuwa yake kwa siku mbili. Wateja wanaojua Kiingereza walikuja. Wa Jumapili hawakuja, kwa kuwa filamu ilifika nyumbani kwao bila Firmin.

Wafanyakazi walikuwa sita. Watano waliambiwa wangoje nyumbani. Firmin alibakizwa kwa nusu ya mshahara wake wa randi elfu tano, afungue madirisha na kuwasha mashine mara moja kwa wiki isipate kutu. Mkewe, Marcelline, ambaye ni msusi, alikuwa amefungiwa saluni tangu Machi. Nusu hiyo ndiyo iliyolipa chumba.

Mwishoni mwa Mei Bi Nusaiba alimwita wakazungumza wakiwa mita mbili mbalimbali, wamevaa barakoa.

"Aliniambia ukweli, na ninamshukuru kwa hilo," anasema Firmin. "Alisema, ninaweza kuendelea kumlipa mtu anayeleta watazamaji, lakini siwezi kumlipa mtu wa kufungua madirisha. Nikamwomba anipe Jumapili. Akanipa mbili."

Jumapili ya kwanza ilikuwa wiki iliyopita. Nyumba arobaini na moja zilinunua tiketi. Filamu ilikuwa ya Senegal, ya mzee anayefariki wiki ya harusi ya bintiye. Watu waliisikia sauti ya Firmin kwenye simu ya kikundi na kuitazama picha kwenye simu nyingine, au kwenye televisheni ya jirani mwema.

Firmin akafanya alichokifanya kwa miaka thelathini na mitano. Ukumbini, akiona jambo linahitaji maelezo, hugonga ukuta mara mbili kwa kifundo cha kidole. Mwendesha mashine anasimamisha filamu, Firmin anaeleza ukoo na ugomvi wake, kisha anagonga tena na safari inaendelea. Basi mzee alipoanza kuugua, Firmin aligonga meza ya pasi mara mbili, akasimamisha filamu kwenye simu yake, na akaeleza kwa dakika nne nani atarithi nini.

Filamu yake ilisimama. Filamu arobaini na moja za wengine zilikwenda.

Alipowasha tena na kuanza kuulilia msiba kwa sauti nzito, simu ililipuka kwa makelele.

"Mzee Firmin, huyo unayesema amekufa alishazikwa zamani!"

"Kwangu wanacheza ngoma!"

"Kwangu bibi harusi anakula wali, na wewe unalia!"

Mtanzania mmoja alimwuliza kama huo ndio uchawi wa Bukavu unaosifiwa. Firmin alijaribu kukimbiza filamu yake, akawapita. Akarudi nyuma, wakawa wamempita. Filamu ilipokwisha zilibaki nyumba saba.

"Nilitamani maganda ya ndizi," anasema. "Maganda angalau yanakuonyesha kwamba mtu bado yupo."

Usiku ule hakula. Lakini Jumatatu asubuhi Pascasie alimpigia simu. Hakumpigia kumlaumu. Alitaka kujua kama yule binti alimsamehe kaka yake, maana picha na maneno vilikuwa vimemchanganya. Firmin alimsimulia mwisho wote, na alipokata simu alijua la kufanya. Angemwuliza kila mtu anaona nini. Na hangegonga tena.

Ndiyo maana leo wameanza na mlango mwekundu. Kila baada ya muda Firmin anauliza, na watu wanajibu: "Mbuzi juu ya gari!" "Mvua!" Anayechelewa anavutwa mbele. Anayetangulia anaambiwa apumzike. Kwa nusu saa wote wako pamoja.

Shida inakuja mahali pengine. Filamu ya leo ni ya Ethiopia, na karibu yote ni ya wanawake wawili, mama mkwe na mke wa mwana, katika nyumba moja. Kwa wanawake, Firmin ana sauti moja tu nyembamba, ile ile ya Bukavu, ambayo ukumbini ilikuwa ikichekesha. Leo haichekeshi. Mama mkwe na mkwe wanasikika kama mtu mmoja anayegombana na nafsi yake.

"Samahani, sijaelewa, ni nani anasema?" anauliza mtu.

Sauti zinaanza kupungua kwenye simu. Kumi na tisa wamekuwa kumi na sita. Firmin anapangusa jasho, ingawa ni kipupwe na hita imezimwa ili kuokoa umeme.

Mama mkwe anamwaga chungu cha mkwewe uani, mbele ya majirani. Mkwe anainua macho.

"Samahani, mama," anafasiri Firmin kwa sauti yake nyembamba, "nimekukosea."

"Hapana!"

Sauti imetoka nyuma yake. Ni Marcelline, ambaye amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa akimenya viazi, kisu mkononi.

"Baba Falonne, soma vizuri hayo maandishi! Hakusema hivyo. Na hata kama angesema, mtazame macho. Mwanamke aliyemwagiwa chakula mbele ya watu hawezi kusema samahani."

"Mama Falonne, tuko kazini," ananong'ona Firmin, akiifunika simu kwa kiganja.

"Hiyo kazi unaiharibu."

Anasogea, anainama juu ya meza ya pasi, anaangalia picha. Kisha, bila kupandisha sauti, anasema maneno ya mkwe: "Mama, mwaga. Kesho nitapika tena, na kesho kutwa. Tutaona nani atachoka, mimi au wewe."

Firmin anafumba macho.

"Huyo ni nani?" Ni Mussa wa Diepsloot. "Aendelee!"

"Aendelee, aendelee!"

"Ya! Mama apewe kazi!"

Marcelline anaendelea. Anakuwa mkwe, na Firmin anabaki kuwa mama mkwe kwa sauti yake ya kawaida, nzito, ambayo kumbe inamfaa sana mama mkwe. Marcelline amesuka nywele za wanawake kwa miaka kumi na minane, na kwenye kiti cha msusi ndiko wanawake husema yasiyosemwa kwingine. Anajua mtu aliyekasirika hupumua vipi kabla ya kujibu. Mara mbili anaiacha picha iende bila maneno. Firmin, ambaye hajawahi kunyamaza katika filamu yoyote, anamtazama kwa mshangao, na ananyamaza naye.

Huko nje watu wanaitana. Kumi na sita inakuwa ishirini na mbili, kisha thelathini na tatu, kwa sababu anayesikiliza anamtumia dada yake ujumbe, naye dada ananunua tiketi na kuuliza wamefika wapi.

"Chungu cha pili!" wanamjibu.

Mussa ameufunga mlango wa duka. Mteja anagonga, na watu wote wanamsikia Mussa akimwambia kwa Kizulu arudi baadaye, kuna mgonjwa. Mgonjwa huyo ni mama mkwe wa kwenye filamu.

Filamu inapokwisha, hakuna anayekata simu. Mtu anapuliza pua. Kisha anaongea Pascasie, ambaye tangu Machi anaishi peke yake katika chumba kimoja na hajaguswa mkono na mtu.

"Marcelline, mwanangu, Mungu akubariki. Nimekuwa na watu leo. Firmin, na wewe pia."

"Na wewe pia!" wanarudia wengine kwa kejeli ya upendo, na Firmin anacheka mpaka anakohoa, na wote wanampigia kelele avae barakoa.

Bi Nusaiba alikuwa akisikiliza jikoni kwake, ingawa hajui Kiswahili. Anasema hakuelewa neno, ila aliacha chai yake ikapoa. Anampigia Firmin robo saa baadaye, na Firmin anaiweka simu wazi ili Marcelline asikie.

"Jumapili ni yenu," anasema Bi Nusaiba. "Siku zote tutakazokuwa tumefungwa, na hata tukifunguliwa. Lakini nataka sauti zote mbili, na nitalipa zote mbili. Si nyingi, Firmin. Unajua hali."

"Aksanti, Madam. Aksanti sana," anasema Firmin, akisahau kwamba anazungumza na mtu wa Kiingereza.

"Hilo nimeelewa," anajibu Bi Nusaiba.

Firmin anakaa kitandani muda mrefu baada ya simu hiyo. Anasema korona imemchukulia rafiki wawili na kaka wa mkewe, na hawezi kuushukuru ugonjwa. Anawashukuru watu: Bi Nusaiba aliyempa Jumapili ya pili baada ya kuiharibu ya kwanza, Pascasie aliyepiga simu Jumatatu, na Mussa, ambaye kwa miaka kumi hakuwahi kufika Meridian kwa sababu ya nauli na duka, na sasa ndiye mtazamaji mwenye makelele kuliko wote.

"Nilikuwa na viti sitini na vinne," anasema. "Sikujua kwamba nje ya viti vile kulikuwa na watu."

Mipango yao ni ya vitendo. Ukumbi ukifunguliwa, Firmin anataka simu ya kikundi iwekwe mbele, chini ya pazia la picha, ili wa Diepsloot na wa mbali wasiachwe. Anataka pia kujifunza kunyamaza. Marcelline ameahidi kumfundisha, ingawa anadhani itachukua muda.

Saluni itakapofunguliwa atarudi kusuka, siku sita. Ya saba ameshaitolea sharti. Ukumbini Firmin hufasiri akiwa amesimama, lakini yeye hatasimama saa mbili. Ana kiti chake cha saluni, kile kirefu kinachozunguka, na anakitaka kiwe kando ya pazia kabla ya mtazamaji wa kwanza kuingia.

"Kiko saluni, Rockey Street, na Meridian iko juu ya mlima," anasema Firmin. "Nimemwuliza, nani atakipandisha?"

"Nikamwambia," anadakia Marcelline, "wewe si ulikuwa unabeba mizigo sokoni?"

Jumanne, siku ya kuwasha mashine, Firmin anaamka mapema. Anapitia saluni, anachukua ufunguo kwa mwenye nyumba, anakigeuza kiti juu chini na kukiweka kichwani. Halafu anaanza kuupanda mlima, akipumzika kila baada ya robot, taa za kuongozea magari, kuelekea kwenye ukumbi ambao bado hakuna anayejua utafunguliwa lini.