Yai la Shaame

Nilipokuwa mtoto, kazi yangu nyumbani ilikuwa kuishika mikono ya mdogo wangu asijikune. Jina lake Shaame, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa na miaka tisa, yeye mitano. Kwetu ni Ole, kisiwani Pemba, ndani ya mikarafuu. Baba alikuwa kibaruani Mombasa, akija mara moja kwa mwaka, basi nyumbani tulikuwa mama, mimi, Shaame, na Bi Mize, bibi yetu mzaa baba.

Ngozi ya Shaame ilikuwa kavu kama gome. Kwenye mikunjo ya mikono na nyuma ya magoti ilikuwa nyekundu, ikitoka maji, ikikauka, ikipasuka tena. Alijikuna kwa kucha, na akinyimwa kucha alijikuna kwa ukuta. Asubuhi shuka lake lilikuwa na damu. Mama alimfunga viganja kwa vipande vya kanga kuukuu. Kisha alimsugua kwa ndimu na chumvi, kwa kumbi la nazi, ili kuua alichokiita wadudu. Shaame alipiga kelele hata majirani waliokuwa wakichambua karafuu wakanyamaza. Mimi nilimkalia miguu. Mama alisugua huku akilia, wala hakuacha kusugua.

Sisemi haya kumsengenya mama. Alimpenda Shaame kuliko alivyonipenda mimi, na jambo hilo nililijua tangu wakati ule.

Ndimu haikufaa. Watu wakasema mtoto ana jini, na jini ndiye anayemla ngozi. Mama akamwita fundi, ndivyo tunavyowaita wanaopunga majini. Huyu alikuwa Mzee Faki, mtu wa Wingwi, mpole wa maneno, mwenye baiskeli nzuri. Alitaka yai la kuku mweusi. Alilizungusha mara saba juu ya kichwa cha Shaame, akalivunja utosini, na ute ukamshukia usoni mpaka midomoni. Shaame akaulamba.

Haukupita muda, uso wake ukaanza kuvimba. Macho yakazibwa. Midomo ikawa minene.

"Jini kapanda!" Mzee Faki alisema. "Mwaona? Kaja kula chake."

Wakampiga. Fimbo zilikuwa za mpera, mbichi, na wapigaji walikuwa wawili, yeye na kijana wake mtu mzima. Waliniambia hapigwi Shaame, apigwaye ni jini, na Shaame haumii. Nilimtazama Shaame usoni. Alikuwa akiumia.

Kesho yake uvimbe ulikuwa umeshuka. Mama alifurahi, akampa Mzee Faki jogoo. "Katulia," alimwambia Bi Mize. "Jini katulia."

Bi Mize alikuwa mtu wa Kojani, kile kisiwa cha wavuvi, na wazee wa Ole walimcheka kwa lafudhi yake. Alikuwa akisokota kamba za makumbi. Hakuinua macho.

"Miye si fundi," alisema. "Lakini kaka yangu alikuwa na ngozi kama hii, na alikuwa akila yai avimba vivi hivi. Mama yetu akasema yai ni mwiko kwake. Hakula tena mpaka kazeeka. Mwambie huyo fundi wako, mtoto huyu msimpe yai. Mwiko."

"Huko kwenu kuku mumewaona lini, mama?" Mama alicheka. "Mwiko wenu ni ufukara tu."

"Haya. Cheka. Lakini mukimpa tena, mutamzika."

Mama aliacha kucheka. Kwetu mtu akisema neno kama lile juu ya mtoto, huonekana kamtabiria, na anayetabiria huweza kuwa ndiye mwenye kuroga. Tangu siku ile hakumruhusu bibi kumpakata Shaame. Nadhani hapo ndipo mambo yalipoharibika. Bibi alisema kweli, lakini aliisema kwa namna ambayo ilimtia mama hofu, na hofu ikampeleka kwa fundi.

Ngozi ikarudi kuchimbika. Mzee Faki akaja tena, asubuhi ya siku ya Alhamisi. Safari hii alisema jini limeonja tu, halikushiba, lipewe yai zima bichi, mtoto alimeze, kisha jini liapishwe na kuondoka. Bi Mize akasimama mlangoni akautandaza mkono wake.

"Usimpe."

Kijana wa fundi alimsukuma. Bibi alianguka juu ya jiwe la kusagia akapasuka kwenye nyusi. Hakuna aliyemwinua. Mama alinitazama akasema, "Mshike miguu."

Nikamshika.

Shaame alipigana. Alimng'ata Mzee Faki kidole mpaka kikatoka damu, na wote wakasema nguvu zile si za mtoto. Wakamfungua meno kwa mpini wa upawa. Yai likaingia. Alitapika sehemu, sehemu ikashuka. Kisha ngozi yote ikaota vivimbe vyeupe, kifua hadi tumbo, mbele ya macho yangu. Sauti yake ikawa nzito kama ya mtu mzima.

"Sema weye ni nani!" Mzee Faki alisema huku akipiga. "Sema jina lako!"

Shaame alikuwa akivuta pumzi na pumzi haiji. Ilitoa mlio kama mluzi.

"Sema wataka nini!"

"Maji," alisema Shaame.

"Jini wa baharini!" kijana wa fundi alisema, na furaha ilikuwa katika sauti yake, kwa kuwa walikuwa wamelijua. Wakapiga zaidi. Fimbo mbili zilivunjika. Mimi nilikuwa nimeishika miguu yake, na niliihisi ikipiga mateke, kisha ikitetemeka, kisha ikiwa mizito. Niliendelea kuishika. Hakuna aliyeniambia niiache.

Adhuhuri ilipoadhiniwa alikuwa ameshakufa. Bi Mize alimwosha, damu ya nyusi ikiwa haijakauka usoni pake. Mzee Faki alisema jini limeondoka naye. Akapanda baiskeli yake akaenda zake.

Mama hakulizungumza jambo hili tena. Lakini kabla arubaini haijafika, aliwagawa kuku wake wote, mmoja mmoja, na mpaka anakufa hakufuga tena. Alipozeeka bibi, mama ndiye aliyemwogesha na kumlisha kwa mkono wake. Sikuwasikia wakisameheana. Nilimwona mama akiligusa lile kovu la nyusi alipokuwa akimwosha uso.

Leo mimi ni bibi. Mjukuu wangu Zuhura ana miaka mitano na ana ngozi ile ile. Alipovimba midomo kwa kipande cha yai, sikungoja kuuliza mtu, nilimpakia kwenye bodaboda mpaka hospitali. Muuguzi pale, binti mdogo, alinieleza kwa utulivu. Hii ni pumu ya ngozi, akasema, haiambukizi wala si uchafu. Ngozi yake haishiki maji, basi aoge kwa muda mfupi, kwa sabuni isiyo na harufu, na apakwe mafuta mazito angali na unyevunyevu, kila siku, hata akionekana mzima. Kucha ziwe fupi, nguo za pamba. Ikiwaka, kuna dawa ya kupaka. Si kila mtoto wa namna hii hudhuriwa na chakula, lakini huyu yai ni mzio wake. Akivimba au akikosa pumzi, mkimbizeni, msingoje.

"Ndimu na chumvi je?" nilimuuliza.

"Bibi, ungejipaka weye kwenye kidonda?"

Nilicheka, kisha nikashindwa kucheka.

Mama aliishi miaka miwili ya mwisho akimpaka Zuhura mafuta. Alifariki mwaka jana. Siku ya hitima yake nyumba ilijaa, na jirani yangu Bi Saumu, mwanamke mwema ambaye nilishamweleza maneno ya hospitali mara tatu, akampa Zuhura mkate wa mayai.

"Kidogo hakimdhuru," alisema.

Nilimpiga Zuhura mkono kwa nguvu zangu zote. Mkate ukaruka mpaka kwenye majamvi. Waliokuwa wakisoma Kurani wakainua vichwa.

"Asha!" Bi Saumu alisema. "Una wazimu? Mtoto huyu kakosa nini?"

Nikasema, "Yai ni mwiko kwetu."

"Mwiko?" Uso wake ukabadilika. "Basi mbona hukusema? Jamani, Zuhura asipewe mkate! Mwiko kwao!"

Hakuna aliyeuliza zaidi. Wakaendelea kusoma.

Nimefundishwa kwamba kila nafsi ina siku yake, na ninaamini. Shaame hakuondoka kabla ya siku aliyoandikiwa. Lakini mikono iliyoishika miguu yake ilikuwa yangu, nami nitaulizwa juu yake. Neno la kumwokoa lilikuwamo nyumbani mwetu, limesemwa kwa lafudhi ya Kojani, na tulilicheka.

Zuhura alikuwa analia. Nilimpakata, nikauchukua mkono wake uliokuwa mwekundu kwa kofi langu. Alitaka kujikuna. Nikampaka mafuta.